Kuchagua mpini wa rodi ya kuvulia: koki, sponji, mpira au ndala

Mtu akienda kununua rodi, atainamisha ncha, atazungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, asikilize inavyolia, atahesabu pete za kupitishia mshipi. Mpini hata haugusi, au akiugusa ni kwa ajili ya rangi. Kaskazi inafika, sulisuli wameingia Malindi na Watamu, samaki ameshika, na bwana aliyemwaga pesa dukani anaomba kitambaa cha kufungia mkono kwa sababu mpini unateleza kama mkunga. Rodi za namna hiyo naletewa kibandani kila msimu. Ufito mzima, pete zote ziko, rili haina neno. Kinachotakiwa ni kitu cha kushika tu.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema "ufito" ni mti wenyewe wa rodi kabla haujavalishwa chochote. "Kikalio" ni pale rili inapofungwa, na "kitako" ni mwisho wa chini. "Koki" ni lile gome jepesi la kuzibia chupa, si koki ya bomba la maji.

Hatua ya kwanza: mkono utalowa nini, na rodi italala wapi?

Wengi huanza kwa kuuliza "koki au sponji?" Hilo liache lije la pili. Anza na kazi ya rodi.

Rodi ya kuburuta chambo nyuma ya boti huchomekwa kwenye bomba lake tangu alfajiri hadi samaki ashike. Saa nzima nzima mkono hauugusi mpini. Samaki akishika, rodi inachomolewa, kitako kinatiwa kwenye kikombe cha mkanda wa kiunoni, na kuanzia hapo kazi yote ni ya mkono ulio mbele ya rili. Sehemu ya nyuma yaweza kuwa chuma kitupu. Ndiyo maana rodi nyingi nzito zina kitako cha alumini, chenye mkato wa msalaba mwishoni ili kisizunguke ndani ya kikombe. Pesa yako basi ipeleke mbele ya rili: pawe pananenepa vya kutosha, pawe na ulaini kiasi, na pasiteleze pakiloa. Koki usiitie nyuma kwenye rodi kama hii, maana ukingo wa bomba utaimega vipande vipande.

Rodi ya jigi, ile ya kupandisha na kushusha chambo cha risasi kwa ajili ya kolekole na jodari, iko mkononi muda wote, kitako umekibana kwapani. Mkono una chumvi, una jasho, na una ute wa samaki uliyemtoa ndoana dakika mbili zilizopita. Hapa sponji ngumu ndiyo mwenyeji.

Kutupia kutoka ufukweni au mwambani ni habari nyingine: rodi ndefu, mikono miwili, mawimbi, na mchanga. Mchanga ni msasa. Ukiilaza rodi ya koki ufukweni mara kumi utaona inavyolika. Mpira wa kusinyaa, ule unaobana ukipulizwa hewa ya moto, hauna shida na mchanga.

Halafu kuna mito ya baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako watu huvua trauti. Samaki hao si wa kwetu kwa asili. Walipandikizwa mto Gura mwaka 1905 na Ewart Grogan, na wakakubali maji. Rodi yake ni nyepesi kama unyoya, inarushwa mamia ya mara kwa siku, na hapo ndipo koki inapostahili kila shilingi. Wavuvi wa sangara ziwani wako katikati: anayevulia ndani ya boti achukue sponji, asijisumbue.

Hatua ya pili: ijue malighafi

Koki ni gome la aina ya mwaloni unaoota Ureno, Hispania na nchi za Afrika Kaskazini kama Moroko na Algeria. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya koki yote ya dunia. Mti hauchunwi hadi utimize kama miaka 25, na sheria ya Ureno haikubali uchunwe tena kabla ya miaka 9 kupita. Gome la mchuno wa kwanza na wa pili ni gumu, lina nyufa. Zuri huanza kupatikana mchuno wa tatu. Piga hesabu: mti una zaidi ya miaka 40 kabla haujatoa kitu cha maana. Na gome hilo zuri ndilo linalotakiwa na viwanda vya vizibo vya mvinyo, kwa hiyo mtengeneza rodi anagombania sahani moja na watu wenye pesa kumzidi. Ndipo rodi za bei ya chini zinapojazwa koki yenye mashimo yaliyozibwa kwa unga wa koki na gundi.

Ubora wake ni nini? Ndani ya koki kuna vijichumba vidogo mno vilivyofungwa, vimejaa hewa. Haipitishi maji kirahisi, haiganzi mkono asubuhi ya baridi, na uzito wake ni kama sehemu ya tano ya uzito wa maji. Kubwa zaidi ni kwamba ni ngumu kuliko sponji, kwa hiyo samaki akidonoa chambo, mdonoo unafika kiganjani. Ubaya wake: inamegeka, inalika, na ukiichagua vibaya inatoboka kama kijiti kilicholiwa na mchwa. Ipo pia koki ya kusaga iliyochanganywa na mpira, nzito kidogo na ngumu, ya madoadoa. Hiyo nzuri kwa mwisho wa kitako na kingo, pale panapogongwagongwa.

Sponji ya EVA ni ndugu wa soli za raba na za ndala. Kuna laini na kuna ngumu, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya koki na sponji. Laini ni nzuri kuishika dukani, lakini inabonyea, inachanika kwenye bomba, na inameza mdonoo wa samaki kabla hujausikia. Ngumu inavumilia chumvi, ute, mafuta na kukanyagwa. Jua huifubaza rangi na kuifanya iwe kavu, ila hilo linachukua muda. Ukiwa na rodi moja tu ya baharini na hujui uchague nini, chukua EVA ngumu.

Mpira wa kusinyaa ni kama ule mafundi umeme wanavalisha viungio vya waya, isipokuwa huu una nakshi juu yake. Unauvalisha juu ya ufito, au juu ya koki iliyochoka, unaupuliza hewa ya moto unabana. Ni mwembamba, kwa hiyo haunenepeshi mpini. Kama ufito ni mwembamba, vidole vitachoka. Usitumie moto wa mshumaa wala wa jiko, utaunguza ufito kabla ya mpira.

Mbao, iwe mninga au mvule, ni pambo. Ikipakwa vanishi na kuloa inateleza, na ni nzito. Itie kwenye kikalio kama roho inapenda.

Kamba ya nailoni ya kuzungushia ni ufundi wa wavuvi wenyewe, na mimi siudharau hata kidogo. Kamba ya milimita 2 au 3, imezungushwa kwa kukazwa, inashika mkono mbichi vizuri. Inatunza chumvi na harufu, na ikiwa nyembamba inakata ngozi. Tyubu ya baiskeli nayo inashika vizuri, mpaka jua liipate. Baada ya hapo inanata na kukuachia kiganja cheusi kama fundi makenika.

Hatua ya tatu: pima unene kwa gazeti

Chukua gazeti la jana, lizungushe kwenye ufito pale mkono utakapokaa, lifunge kwa tepu, kisha shika. Mwambie mtu akuvutie mshipi taratibu kutoka mbele, dakika tano bila kupumzika. Ncha za vidole zikichimba kiganja, mpini ni mwembamba, ongeza kurasa. Zikiwa mbali na kiganja kwa upana wa kidole, ni mnene, punguza. Unataka zikaribie kugusa tu. Mkono ukianza kuwaka kwenye shina la kidole gumba, huo ndio wembamba unaokuambia.

Ukipata panapokufaa, zungusha uzi juu ya gazeti, upime kwa rula, ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 88 ni mpini wa milimita 28. Namba hiyo iandike, kwa sababu ukifika dukani macho yatakudanganya.

Urefu nao una kipimo chake cha mwilini. Kwa rodi ya kutupia kwa mikono miwili, shika kikalio mkono ukiwa umenyooka ubavuni kwa rodi. Kitako kifike kwapani. Kwa rodi nyepesi ya mkono mmoja, kitako kipite kiwiko kidogo tu. Kikizidi hapo kitanasa shati kila ukirusha.

Hatua ya nne: majaribio ya dukani

Nenda na kichupa cha maji na pamba yenye mafuta ya nazi. Omba ruhusa kwanza. Mwenye duka mmoja aliponiona natoa mafuta aliniuliza, "Fundi, waja kununua ama kukaanga?" Lakini baada ya kuona alitaka nimpimie mipini yote iliyokuwa imening'inia.

Paka mafuta kidogo sana kiganjani, nyunyiza maji, kisha shika mpini na uuzungushe kama unakamua nguo. Hayo mafuta na maji ndiyo yanayokaribia ute wa samaki. Ngozi yako ikivutika kabla mkono haujateleza, mpini umefaulu. Mkono ukizunguka bila kuvutika, urudishe ukutani. Utashangaa: koki iliyopakwa vanishi hadi ikang'aa hufeli, na koki ile ile ikiwa mbichi hufaulu. Vivyo hivyo sponji iliyosuguliwa ikawa kama kioo. Mng'ao ni wa mnunuzi, si wa mvuvi. Ukimaliza futa mafuta vizuri, usimwachie mtu bidhaa yenye mafuta.

Kisha ukucha. Kwenye sponji, bonyeza ukucha wa gumba, hesabu hadi kumi, achia. Alama ikibaki, hiyo ni laini. Kwenye koki, tafuta madoa ya kahawia iliyokolea, maana hayo ni mashimo yaliyozibwa. Machache hayana neno; yakiwa mengi kuliko koki yenyewe, jua kwamba maji ya chumvi yatayatoa moja moja. Tazama pia mwisho wa mpini, pale kitako kinapokutana na kifuniko. Rodi nyingine zina koki nyembamba kama karatasi imegandishwa juu ya sponji, na ni hapo tu utaiona siri.

La mwisho, shika kikalio kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uvizungushe kinyume. Pasisikike chochote. Ukisikia "kra", gundi haikuenea ndani.

Hatua ya tano: kuvalisha

Sauti hiyo naijua kwa aibu. Nilipoanza kazi hii, nafasi iliyobaki kati ya ufito na mpini nilikuwa naijaza kwa tepu ya karatasi. Naizungusha ikafunika pote, napaka gundi juu, navalisha. Inabana, inapendeza. Miezi michache ikapita, nahodha mmoja akanirudishia rodi. Hakunisalimu. Aliishika rili kwa mkono huu, mpini kwa mkono ule, akazungusha mbele ya uso wangu: kra. "Jodari ameenda kulia, fundi, rili imeenda kushoto." Nilipoupasua mpini, tepu ilikuwa imekuwa uji mweusi unaonuka ufuo. Maji yalipenya kwenye mwanya wa juu, karatasi ikayanywa, gundi ikabaki imeshika karatasi iliyooza.

Tangu siku hiyo, kama lazima nitumie tepu, naifanya mikanda myembamba yenye nafasi katikati, ili gundi ishike ufito na mpini moja kwa moja, halafu naziba ncha zote mbili kwa gundi. Ufito ukiwa mwembamba sana kulinganisha na tundu, nazungusha uzi wa nyuzi za kioo badala ya tepu.

Ufito huwa unanenepa kuelekea kitako, kwa hiyo vitu huingizwa kutoka kwenye ncha nyembamba: kwanza mpini wa nyuma, kisha kikalio, kisha wa mbele, na pete zikiwa bado hazijafungwa. Sugua kidogo mng'ao wa ufito kwa msasa laini, pale tu patakapopakwa gundi, bila kufikia nyuzi zake. Futa kwa spiriti. Tundu la koki lipanue kwa tupa ya mviringo, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo michache, hadi iingie bila kulazimishwa, ukiilazimisha itapasuka. Sponji ni kinyume: tundu liwe dogo kuliko ufito kwa milimita 2 hivi, na gundi yenyewe ndiyo itakayoitelezesha. Ukianza kuisukuma usisimame njiani. Sukuma kwa kitambaa hadi mahali pake, kwa pumzi moja.

Gundi ni epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka polepole. Ile ya dakika tano haivumilii maji muda mrefu, na ile ya matone ya papo kwa papo ni kavu mno, rodi ikipinda inapasuka. Changanya kwa kipimo sawasawa na maelekezo ya pakiti, si kwa makadirio. Iliyovuja ifute kwa spiriti kabla haijashika, kisha isimamishe rodi hadi kesho yake.

Je, kama rodi ni ya zamani na pete zimo? Mpini wa nyuma unaweza kuupitishia kitakoni. Wa mbele chagua sponji, uipasue kwa wembe mstari mmoja kwa urefu, uifungue kama mkate wa kutia siagi, upake gundi ndani na kwenye mpasuko, uifunge tena. Vikanda vya tyubu ya baiskeli ndivyo vibanio bora. Vizungushe kwa kuvuta, vitoe kesho. Mstari utabaki unaonekana. Ugeuze uwe upande wa chini, au ufunike kwa kamba.

Hatua ya sita: kama huna duka karibu, una ndala

Ufuo wetu una ndala kuliko kaa. Wavuvi wamezikata kuwa maboya tangu zamani, na Lamu wakaenda mbali zaidi: mwaka 2018 walishusha Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika, lililovalishwa ndala kama 30,000 zilizookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Mpini wa rodi ni kazi ndogo ukilinganisha.

Okota soli nene, uzioshe kwa sabuni, uzikaushe kivulini. Bana kila moja kwa vidole na utenge ngumu na laini. Usizichanganye, kwa sababu msasa utakula laini haraka na mpini utatoka una mawimbi. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye upana wa ndani wa milimita 35 hivi, ukinoe mdomo kwa tupa, uweke juu ya soli na ugonge kwa nyundo; kisahani kinatoka safi. Toboa katikati. Visahani kama kumi na vitano hadi ishirini vinatosha mpini wa mbele, kutegemea unene wa soli.

Vitunge kwenye boliti ndefu yenye uzi kote, uipake nta ya mshumaa ili gundi isiishike. Tia gundi kati ya kila kisahani, weka washa kubwa, ile pete bapa ya chuma, kila upande, kaza nati hadi gundi itoke kidogo. Kesho yake fungia boliti kwenye drili, izungushe, na uisogezee msasa: namba 80 kwanza, 120, kisha 240. Gusa na uachie, gusa na uachie. Ukikandamiza, soli inapata moto, inayeyuka na kunata kwenye msasa. Vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Ishia namba 240. Ukiendelea kulainisha utarudi kwenye ule mng'ao unaoteleza. Buluu, nyekundu, njano, kijani, kila rangi mstari wake. Wageni kwenye boti wamewahi kuniuliza mpini huo unauzwa nchi gani.

Koki nayo inakerezwa hivyo hivyo, ila ianze 120 na imalizikie 400.

Hatua ya saba: baada ya bahari

Maji baridi, sabuni ya kawaida, brashi laini, kivuli. Petroli na thina zisiguse mpini wowote. Dawa ya mbu yenye DEET inaharibu plastiki na vanishi, kwa hiyo ukiipaka nawa mikono kabla ya kushika rodi. Usiivike rodi mbichi mfuko wa plastiki, koki itaota ukungu. Koki iliyotoboka izibwe kwa unga wake yenyewe, ule uliotoka kwenye msasa, uliochanganywa na gundi kidogo. Weka kikopo chake kando kila unapokereza.

Rodi iliyolala ghalani kusi nzima, kabla hujaifunga rili, shika kikalio na mpini uvizungushe kinyume. Ukisikia kra, ilete Oktoba. Desemba kibanda hakina pa kukanyaga.